Mashine ya Mama Pacha

Kazini walimwita Taratibu, na jina hilo alijibandika mwenyewe bila kujua. Kutwa nzima alikuwa kwenye kiti cha abiria cha gari la shule ya udereva, mguu juu ya breki ya pili, ile iliyofungwa upande wa mwalimu, akisema taratibu, taratibu, mama, taratibu. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima wenye heshima zao ambao wakishika usukani walitetemeka kama wameshikwa na homa. Kulikuwa na muuguzi aliyefumba macho kila alipoona lori. Kulikuwa na karani mmoja ambaye hakuwahi kuachia klachi bila gari kuruka na kuzima, na nyuma honi zikalia hadi wapita njia wakasimama kutazama. Taratibu hakukasirika kamwe. Alikanyaga breki yake, akavuta pumzi, akasema, "Washa tena."

Zamani alitaka kuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu. Macho yalipimwa, yakakataa. Kwa hiyo miaka yake yote ya kazi ilipita kwenye mwendo wa mtu anayetafuta maegesho, na mtu wa namna hiyo akipenda kasi, huipenda vibaya.

Nyumbani aliitwa Baba Pacha. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, na chumba chao mama yao alikigeuza ofisi. Vitanda vyao viwili aliviacha vimetandikwa vizuri ukutani, na kwenye meza ya chini ya dirisha ndipo Mama Pacha alipofanyia kazi yake ya kuhariri video za harusi. Wapiga picha walimletea kadi za kamera, naye akakata, akaunga, akatia muziki, akatoa harusi iliyonyooka kutoka kwenye fujo ya saa nyingi. Alikuwa na jina. Watu walisema kwenye video za mama yule huwezi kuona mtu anakodoa macho wala anatafuna mdomo wazi.

Lakini kompyuta yake ilikuwa imechoka. Akiipa harusi nzima iitengeneze, alikwenda kufua, akaanika, akaanua, akapiga pasi, na akirudi anaikuta bado inahema. Mara nyingine ilizima katikati, kazi yote ikaanza upya. Siku ilipozima mara tatu mfululizo, Mama Pacha aliweka mikono kichwani akamwita mumewe.

"Baba Pacha, hii basi. Wewe ndiye unayejua mambo ya kompyuta. Niundie nyingine. Sitaki makubwa. Nataka mashine isiyozima. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alimsikia kama mtu anavyosikia tangazo la redio huku akisubiri mpira uanze.

Tangu siku hiyo Taratibu akawa mtu mwingine. Wakati wanafunzi wanajaza mafuta, yeye amezama kwenye simu. Wakati mkewe anamsimulia habari za jirani, yeye anaitikia ehe, ehe, na macho yako kwenye picha za bodi na prosesa. Prosesa ndiyo akili ya kompyuta, kijisahani kidogo kinachotoshea kiganjani. Bodi ni ule ubao mpana ambao prosesa na vitu vingine vyote hupachikwa juu yake, na umeme wote unaoingia kwenye prosesa hupitia humo. Haya aliyajua zamani. Jipya lililomtoa usingizini lilikuwa hili: kuna prosesa ambazo kiwanda kimezifunga zisipite kasi fulani, na kuna nyingine ambazo kimeziacha wazi, mwenyewe ukaamua kuzikimbiza kupita pale kiwanda kilipopima. Ulikuwa unaingia ndani ya mashine, unaongeza kidogo, unaongeza tena, mpaka unafika mahali ambapo yenyewe inakuambia basi. Yaani mtu anapewa kanyagio la mafuta, na pembeni hakuna mwalimu mwenye breki.

Akajiunga na kundi la mtandaoni la watu wa mambo hayo. Kila mmoja alikuwa na jina la kujipachika, na kila siku walitumiana picha za namba zao: kasi hii, joto hili, saa hizi bila kuzima. Taratibu hakuthubutu kuandika jina lake la kazini. Aliandika Mwewe.

Duka la vipuri vya kompyuta lilikuwa juu ya duka la viatu, ngazi nyembamba, chumba kimejaa maboksi hadi darini na feni moja inayozungusha vumbi lile lile. Mwenye duka alikuwa mama mnene wa miwani ambaye wateja wote walimwita Shangazi, kwa sababu aliwasema wote kama watoto wa kaka yake. Mama Pacha alipaswa kwenda naye siku ile, lakini harusi ya mtu ilikuwa inadaiwa. Alimwambia mumewe mlangoni, "Wewe unajua zaidi, chagua wewe." Akaamini, akarudi kwenye kazi.

"Mashine ni ya kufanyia nini?" Shangazi aliuliza.

"Video. Mke wangu anahariri video."

"Basi hapo hapana maneno mengi." Akainama, akatoa maboksi mawili. La kwanza lilikuwa na prosesa ya kiasi, imefungwa, haikimbizwi. La pili lilikuwa na bodi nzito, yenye vipande vya chuma vilivyokaa kama meno ya kitana juu ya sehemu za umeme. "Hii unafunga, unafunika, unaisahau. Itafanya kazi mchana na usiku na hutasikia hata ikipiga chafya."

Kuisahau. Taratibu alilitazama boksi kama mtu aliyeletewa uji akiwa ameagiza nyama. Miezi yote ile ya kusoma, kisha aje asahau?

"Ile iliyo wazi unayo?"

Shangazi alimtazama juu ya miwani. "Ninayo. Lakini ukiichukua hiyo, kwa mfuko uliokuja nao bodi hii nzito huipati tena. Utashuka kwenye ile pale." Akanyooshea kidole boksi jeusi lililochorwa joka linalotema moto. Akalifungua, akatoa bodi, akachukua kalamu akaonyesha. "Tazama hapa. Hivi ndivyo vinavyoilisha prosesa umeme. Ni vichache, na viko uchi, havina chuma cha kutolea joto. Prosesa ukiiacha kwenye mwendo wake, sina neno, mtaishi vizuri. Ukianza kuikimbiza, hapa patachemka. Mwalimu, wewe si mtu wa magari? Ungefunga injini ya lori kwenye kile kigari chako cha shule?"

"Sitaikimbiza."

"Sasa mbona unanunua ya kukimbizwa?"

Taratibu alicheka. Kilikuwa kicheko cha mtu aliyekamatwa na mkono ndani ya sufuria. Akasema ni akiba tu, huwezi kujua ya kesho, bora uwezo uwepo hata kama hautumiki. Maneno ya namna hiyo huwa hayana mwisho, na anayeyasema huwa ameshaamua tangu ngazini. Angeweza kumpigia mkewe pale pale amwulize. Simu ilikuwa mfukoni, ina chaji. Hakupiga, kwa sababu alijua jibu.

"Haya," Shangazi alisema, akifungafunga. "Mimi muuzaji, si mama mkwe wako."

Jumamosi akaiunda kwenye meza ya kulia chakula, mkewe akimshikia tochi. Lazima isemwe kwamba siku ile ilikuwa nzuri. Taratibu ana mikono mitulivu. Aliipachika prosesa kwa ncha za vidole, akaipaka ile dawa ya kupitisha joto, akafunga feni juu yake, akanyoosha kila waya. Mama Pacha alimtania kwamba wakati wa kuwabadilisha pacha nepi mikono hiyo ilikuwa wapi. Mashine ilipowaka walipiga makofi wote wawili kama watoto. Mama Pacha akaipa harusi ya wiki iliyopita, akaenda jikoni kuchambua mchele, na kabla hajaumaliza mashine ilikuwa imemaliza.

Mama Pacha alirudi na ungo mkononi, akaduwaa. "Imekwisha? Yote?"

"Yote."

"Baba Pacha, acha hapo hapo. Usiongeze kitu, usipunguze kitu. Naomba."

"Sitaigusa."

"Niapie."

"Haki ya Mungu, sitaigusa. Mashine yako hiyo."

Alidumu na kiapo chake muda mfupi kuliko mwanafunzi anavyodumu na klachi. Usiku ule ule alituma picha ya mashine kwenye kundi, na mmoja anayejiita Radi akamjibu: "Mwewe, mbona unaruka chini chini? Au wewe ni kifaranga?" Watu wakaweka alama za kucheka. Taratibu alicheka nao, akazima simu, akalala chali akitazama dari. Mtu aliyeitwa Taratibu miaka yote mbele ya watu bila kuumia, aliumizwa na jina la kifaranga alilopewa na mtu asiyemjua hata sura.

Alfajiri akaamka kabla ya mkewe. Akaingia chumba cha pacha akiwa peku, akafungua dirisha lote, akalitoa bamba la ubavuni mwa mashine ili hewa ipite, akaongeza kidogo. Mashine ikakubali. Siku ya pili akaongeza tena. Ilikubali vilevile, maana alfajiri hewa ya nje ni ya baridi na mashine iko wazi kama mtu aliyevua shati. Kabla mkewe hajaamka alilirudisha bamba, akalifunga, akafunga na dirisha, akaenda kuoga akipiga mluzi.

Ili ajue kama mashine itahimili, ilimbidi aipe kazi nzito. Kazi ilikuwepo pale pale. Kulikuwa na harusi mpya iliyoingia, vipande vingi, na kipande kimoja kilikuwa kirefu kuliko vyote bila kukatwa: mzee mmoja amesimama mbele ya watu na kipaza sauti, anazungumza. Taratibu alikipenda kwa urefu wake. Alikiendesha mara kwa mara huku mashine ikikitengeneza upya pembeni, asubuhi baada ya asubuhi. Sauti aliizima kabisa, maana ukuta wa chumba kile ni mwembamba na Mama Pacha hulala usingizi wa paka. Mzee akafungua mdomo, akafunga, akainua mkono, na Taratibu macho yake yako pembeni ya kioo, kwenye namba za joto.

Namba zilikuwa nzuri. Alizipiga picha, akazituma. Radi akaandika: "Nakuvulia kofia." Siku ile Taratibu alikanyaga breki ya pili kwa furaha, na karani wa klachi akapata sifa ambazo hakustahili.

Mama Pacha hakufanya kazi alfajiri. Alifanya kazi mchana, jua likiwa juu ya bati, na dirisha alilifunga kabisa kwa sababu nje walikuwa wanachimba barabara na vumbi lilikuwa linaingia hadi kwenye chai. Mashine ilikuwa imefunikwa, chumba kimefungwa, joto halina pa kutokea. Ndipo ikaanza. Mara ya kwanza kioo kiliganda. Mara ya pili ikajizima na kujiwasha yenyewe.

"Baba Pacha, imezima tena leo," alimwambia jioni, huku akimwekea maji ya kunawa. "Umeigusa?"

"Sijaigusa."

"Kweli?"

"Mama Pacha, niiguse ya nini? Ni umeme huo. Tangu waanze kuchimba barabara, umeme unaruka ruka. Hata taa huoni?"

Na kweli taa zilikuwa zinaruka. Uongo wake ulipata pa kuegemea. Mkewe akaamini, tena akaamini kwa vitendo: akaenda kununua kile kidude cha kutuliza umeme, akamwita mumewe aje akifunge. Taratibu alikibeba, akapiga magoti chini ya meza, akachomeka nyaya moja moja, mkewe amesimama juu yake akimshukuru. Hapo palikuwa pa kusema. Palikuwa chumba chao, wako wawili, hakuna mgeni, na kosa lilikuwa bado dogo la kuchekwa. Akasimama, akafuta magoti, akasema, "Sasa itatulia." Kesho yake alfajiri alipunguza kidogo. Kidogo tu, kwa sababu kupunguza sana ilikuwa ni kurudi chini ya Radi.

Mwisho wa juma Mama Pacha alifanya usafi wake wa kawaida. Hivi ndivyo alivyofanya miaka yote: video zikiingia, humjulisha mpiga picha kwamba amepokea, naye mpiga picha hufuta kadi zake kwa ajili ya harusi inayofuata. Kisha mwisho wa juma yeye huhamisha kila kitu kwenye diski ya nje ya kuhifadhia, akafuta kwenye mashine ili nafasi ipatikane. Hajawahi kupoteza hata sekunde moja ya mtu. Siku ile akahamisha mchana, dirisha limefungwa. Mashine ilichemka, ikahesabu ovyo, ikaandika ovyo, lakini haikuzima na haikulalamika. Ilimwambia imemaliza, vyote vimefika. Akafuta, akaingiza harusi nyingine juu yake.

Siku chache baadaye simu ililia wakati wanakula chakula cha mchana. Ilikuwa bibi harusi wa ile harusi ya mzee mwenye kipaza sauti. Mama Pacha alisikiliza, akaacha tonge, akasimama.

"Jamani. Jamani, mdogo wangu. Lini?"

Baba yake bibi harusi alikuwa amefariki. Hakuugua. Alilala mchana kupumzika, wakaja kumwamsha asiamke.

"Dada," bibi harusi alisema, na sauti yake Taratibu aliisikia ikitoka kwenye simu, "ile hotuba ya baba usiikate. Hata akikohoa, acha. Mimi siku ile sikusikiliza. Mpiga picha alikuwa ananiambia tabasamu, geuza shingo, nami nikawa nafanya hivyo. Nilijua video ipo."

"Sitakata hata neno, mdogo wangu. Nakuahidi."

Mama Pacha na yeye alikuwa hajaisikiliza. Hotuba huwa anaziacha mwisho kabisa, baada ya kuingia ukumbini, baada ya keki, baada ya muziki wote, kwa sababu hotuba zinataka utulivu na yeye hapendi kuzigusa akiwa na haraka. Mchana ule ule akanawa mikono, akafunga mlango, akachomeka diski, akafungua kipande kirefu kuliko vyote.

Mzee alitokea nusu. Uso ulikuwa umekatika vipande vya kijani na zambarau, vikirukaruka, kisha picha ikaganda. Sauti ilikuwa mkwaruzo wa bati. Akasogeza mbele: kijani. Akasogeza tena: giza. Akafungua vipande vingine, vingi vilikuwa hivyo hivyo. Jioni Taratibu aliporudi kutoka kazini alimkuta mkewe ameketi kwenye kitanda cha mmoja wa pacha, mikono mapajani, analia bila sauti.

Mama Pacha alimpigia mpiga picha. Kadi zilikuwa zimeshabeba harusi tatu juu ya ile. Walipeleka diski kwa fundi anayefufua vitu vilivyofutika, akakaa nayo, akairudisha akitikisa kichwa. Alisema vitu havikupotea, viliandikwa vibaya tangu mwanzo, na kilichoandikwa vibaya hakuna pa kukitoa. Alisema labda mashine ilichemka. Taratibu alidakia haraka, "Au umeme." Fundi akasema au umeme, inawezekana.

Alfajiri iliyofuata Taratibu aliingia chumbani peku kama kawaida, akairudisha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani, mpaka mwisho, hakubakiza hata nukta. Kisha akajitoa kwenye kundi. Mikono yake ilikuwa mitulivu vilevile. Hakumwambia mtu. Alijipa moyo kwamba kusema hakutamrudisha mzee wa watu, na hilo ni kweli, na ukweli huo alijifunika nao kama shuka.

Jumapili bibi harusi alikuja na mama yake. Wote walikuwa wamevaa nyeusi. Mama Pacha aliwapokea mlangoni akiwa tayari anaomba radhi, akawakalisha kwenye vitanda vya pacha kwa kuwa viti vya chumbani havikutosha, na Taratibu akaleta chai. Mama Pacha aliwaeleza yote. Alisema ni umeme. Alisema lakini kosa ni lake, alipaswa kusikiliza kabla ya kufuta, miaka yote hii hajawahi kupoteza kitu cha mtu na sasa amekipoteza cha mtu asiyeweza kurudi tena. Akawaonyesha zile nusu za uso za kijani, kwa sababu walisisitiza kuona. Taratibu alisimama karibu na mlango ameshika sinia tupu. Alilisikia kila kosa mkewe alilojitwisha.

Mjane hakulaumu. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote. Alikuwa mama mdogo wa umbo, amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe mkononi.

"Mimi nilikuwa nahangaika na wageni waliokosa viti," alisema. "Nilimsikia kwa mbali tu. Nikasema moyoni, nitamsikia nyumbani. Hata sikumwona alivyosimama. Sijui hata kama miwani alikuwa ameivaa. Alikuwa anaona haya kuivaa mbele za watu, yule."

Akaanza kulia. Binti yake akamshika bega, naye akaanza. Chumba kizima kikajaa kilio cha watu watatu, na Taratibu, ambaye si mtu mbaya, ambaye hakuwahi kumfokea mwanafunzi hata mmoja, alishindwa kuvumilia. Alitaka kumpa yule mama kitu, chochote.

"Alikuwa ameivaa," alisema. "Kwanza aliivua, akaifuta kwa pindo la koti. Halafu akaivaa, ndipo akaanza."

Mjane aliinua uso. "Kweli, baba?"

"Kweli. Na katikati alishika kifua hivi, akatazama upande wa kushoto. Nadhani ndipo bibi harusi alipokuwa amekaa."

"Ndipo nilipokuwa!" Bibi harusi alisimama. Machozi yalikuwa yanatiririka na huku anacheka. "Kaka, uliiona! Uliiona yote! Alisema nini? Alipotazama kwangu, alisema nini?"

Taratibu alifungua mdomo. Alimwona mzee tena, wazi kabisa, kila tendo lake, asubuhi zote zile. Midomo ikicheza.

"Sikusikia," alisema. "Nilikuwa nimeizima sauti."

Mama Pacha alikuwa na leso machoni. Aliishusha polepole. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Uliizima lini?"

"Alfajiri."

"Alfajiri ulikuwa unafanya nini na mashine yangu?"

Sinia lilikuwa bado mkononi mwake. Nje hapakuwa na sauti ya mashine za barabara, ilikuwa Jumapili.

"Nilikuwa naipima," alisema. "Kasi."

"Na sauti ukaizima kwa nini?"

"Ili usiamke."

Bibi harusi aliketi tena, taratibu. Mama yake, ambaye hakujua lolote la bodi wala prosesa, alikuwa bado anamtazama Taratibu kwa uso wa mtu anayesubiri kilichobaki.

"Ulimtazama mara nyingi, baba?"

"Mara nyingi, mama."

"Na mwisho alipomaliza, alicheka?"

"Sijui. Nilikuwa natazama namba za joto."

Yule mama aliitikia kwa kichwa, akaweka kikombe chini, akashika mkono wa binti yake wakasimama. Mama Pacha alisimama nao. Alipita mbele ya mumewe bila kumgusa wala kumtazama, akawasindikiza hadi nje. Taratibu alibaki chumbani na vikombe vinne vya chai, viwili havijaguswa. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo alimsikia vizuri mkewe akiwasimamisha getini.

"Ngojeni kidogo," Mama Pacha alisema. "Nimewaambia ni umeme. Naomba mnisamehe. Hata mimi niliambiwa hivyo."